Siri Iliyopandishwa Jukwaani

"Huyu mtoto kwa picha ana kovu kama langu," Nthoki alimnong'oneza dada yake.

 Macho ya Nzembi yalikuwa jukwaani, pale ukumbi wa jamii wa mtaa wa Umoja. Mwigizaji mmoja alikuwa amejishika tumbo akilia. Mwenzake, aliyejifunga leso, alimwambia:

"Nyamaza. Mtoto nitamlea mimi. Watu wataambiwa ni wangu."

Maneno hayo yalikuwa ya mama yake Nzembi. Aliyasema jikoni kwao Kitui, Nzembi akiwa bado msichana wa shule. Nje ya familia, aliyeyajua ni Musau peke yake.

Musau alikuwa mpenzi wake. Ndiye pia aliyeanzisha kundi la wasimulizi mtaani: watu walileta hadithi zao, yeye akazichora, wenzake wakaziigiza, mwishowe zikachapishwa kitabuni. Nzembi, muuza mapazia katika soko la Gikomba, alimsimulia yake wakiwa wawili tu.

"Hii si ya kundi," alimwambia siku hiyo.

"Naapa," Musau akajibu, akamkumbatia.

Sasa nyuma ya waigizaji ulining'inia mchoro mkubwa wa mtoto mwenye kovu la moto chini ya sikio.

Makofi yalipotulia, Musau alipanda akashika maiki.

"Hadithi hii ni ya mwanamke ninayempenda. Nzembi, njoo hapa mbele."

Ukumbi mzima uligeuka. Nthoki naye akageuka, polepole, mkono ukiwa umelifunika sikio lake.

Nzembi alipanda jukwaani. Musau akapiga goti, akatoa pete.

"Umebeba mzigo huu peke yako miaka yote. Kubali nikuoe, tuubebe pamoja."

"Nani alikupa ruhusa?"

Musau akashusha maiki. "Nilibadilisha majina, mpenzi."

"Na kovu?"

"Nilitaka watu wajue vile uko jasiri."

"Watu gani, Musau? Ni mmoja tu aliyestahili kujua. Nilikuambia nangoja amalize mtihani nimweleze mwenyewe. Ukaniambia naongea kama mama."

 Nzembi alipotazama viti, cha Nthoki kilikuwa kitupu.

Alimkuta langoni, kitabu cha kundi kikiwa kimefunguka mikononi mwake.

"Mimi ndiye huyo mtoto?"

"Ndiye."

"Kwa hivyo Mama ni nyanya yangu."

"Ndiyo."

"Na Musau alijua kabla yangu."

Hilo ndilo lililomchoma Nzembi kuliko yote.

"Nilimwamini," alisema. "Niliona kama hadithi ikikaa kwake, imekaa mahali salama."

Nthoki alifuta machozi kwa mkono wa sweta. Simu ya Nzembi ikalia; ulikuwa ujumbe wa Musau.

"Nisamehe. Nitaitoa hiyo hadithi kwa kitabu. Usiniache juu ya mchezo wa kuigiza."

Nzembi akaandika: "Itoe. Kwako nimeshatoka. Usije nyumbani."

Kisha akampigia mama yake.

"Mama, Nthoki amejua."



"Amejuaje?"

"Musau ametuuza, Mama."

"Mpe simu mtoto."

Nthoki alisikiliza. Mwishowe akajibu, "Haya, Mama," akarudisha simu. Hakumkaribia Nzembi, lakini hakuondoka.

"Amesema nikuulize wewe."

"Uliza."

"Sitaki kuuliza. Kule ndani yule msichana alikuwa analia tu, eti hakunitaka. Nataka uniambie wewe ilikuwaje."

Nzembi akaketi ukingoni mwa mtaro, akatandika leso yake kando. Baada ya muda Nthoki naye akaketi juu ya leso hiyo.

"Ulizaliwa asubuhi, mvua ikinyesha," Nzembi akaanza. "Na kulia, nililia. Mama alitaka kukuchukua nami sikutaka kukuachilia."