Mada ya Marehemu

Msinicheke. Kuchagua mada ya tasnifu kulinishinda. Miezi saba! Kila niliyompelekea msimamizi wangu alinirudishia: "Hii imeandikwa mpaka imechakaa." Mwisho akasema nisipoleta fomu ofisini kwake Ijumaa kabla ya magharibi, jina langu linafutwa chuoni.

Swahiba wangu, tuliyelala naye chumba kimoja, mada alikuwa nayo: namna wauguzi wanavyowapa ndugu habari za kifo. Tulikuwa na mtindo wa kusomeana rasimu kabla hazijaonekana na mtu mwingine, kwa hiyo ya kwake ilisomwa na mtu mmoja tu duniani. Mimi. Wiki tatu baadaye kifua kikambana, akafa.

Nikaiandika mada ile kwenye fomu. Nikatia jina langu. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniaibisha mpaka leo.

Ijumaa hiyo, jua likizama, nilipanda ghorofa ya tatu. Hapakuwa na mtu. Mlango wa msimamizi ulikuwa umefungwa, basi nikainama, nikaisukuma fomu kwa chini.

Ikavutwa.

Kwa ndani... polepole.

Nikadhani mzee yumo. "Shikamoo, Profesa."

Harufu ikapenya chini ya mlango, harufu ya dawa ya kuchua kifua. Kisha kikohozi. Kikavu, mara mbili, kikakoma. Mungu wangu! Kikohozi kile nilikisikiliza mwaka mzima kutoka kitanda cha pili.

"Umeandika jina la nani?" sauti ikanong'ona.

Nilitaka kusema, lako. Wallahi nilitaka. Ulimi ukasema, "Langu."

"Haya."

Basi, hivyo tu. Hata kukasirika hakukasirika. Afadhali angenitukana.

"Wewe, unaongea na nani?"

Nusura nizimie. Msimamizi alikuwa nyuma yangu, ufunguo mkononi. Akafungua. Chumba kitupu, madirisha yamekomewa, harufu bado imejaa. Fomu yangu ilikuwa juu ya meza, imenyooshwa vizuri. Akaisoma amesimama.

"Enhee! Hii sasa ndiyo mada. Umeitoa wapi?"

"Nimeiwaza mwenyewe, Profesa."

Akanusa hewa, akanung'unika kuhusu wafagiaji na madawa yao. Akasaini.

Jumapili mama wa marehemu alikuja bwenini kuchukua vitu vya mwanawe. Nilimsaidia kufunga mabegi, nimeinamisha kichwa ili asinione macho. Tulipomaliza akakaa kwenye kile kitanda kilichobaki godoro tupu.

"Mwanangu, mwenzio alishapata mada?"

"Bado, mama. Alikuwa hajachagua."

Akashusha pumzi ndefu.

"Afadhali umeniambia. Maana tangu Ijumaa ananijia usingizini... analia, anasema kaibiwa. Nilikuwa niende kwa Profesa wenu nikaulize." Akanishika mkono, akaubusu. "Leo akija nitamgombeza. Nitamwambia aache kusingizia watu, alale."



"Mwambie, mama," nikasema.