Masikio ya Bibi

Kila Jumamosi Bibi alishuka korongoni kufua mashuka ya nyumba ya wageni, na mjukuu wake wa miaka kumi na miwili alibaki ukingoni akilinda yaliyoanikwa. Bibi alikuwa hasikii vizuri, ndiyo maana simu yake ilikaa kwa msichana. "Ikilia, nipungie mkono," alimwambia. "Wewe ndiye masikio yangu."

Siku hiyo jua lilikuwa kali, wingu hakuna. Msichana alikuwa amenogewa na mchezo wa simu, amebakiza hatua moja tu ashinde, mara ujumbe ukaziba kioo: TAHADHARI. MAFURIKO YA GHAFLA. ONDOKENI KORONGONI SASA HIVI.

Akatazama juu. "Mafuriko gani na jua hili?" Akaufuta, akaendelea kucheza.

Haukupita muda, akasikia mngurumo kutoka juu ya korongo, mawe yakigongana. Dimbwi alilofulia Bibi likaanza kugeuka tope. "Bibi! Bibi, toka!" Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Bibi alikuwa amempa mgongo, anasugua shuka, hana habari. Msichana akaangua kilio. Ni yeye aliyeambiwa, na ni yeye aliyenyamaza.

Akaokota bonge la udongo, akalirusha. Likakosa. La pili likatua ndani ya beseni, povu likamrukia Bibi usoni.

"Mtoto huna adabu wewe!" Bibi akageuka kwa hasira, akamwona mjukuu anapunga mikono yote miwili huku analia. Akatazama upande wa juu. Hakuuliza kitu. Akaacha kila kitu, akapanda ukingo kwa mikono na magoti. Msichana akalala kifudifudi, akamshika mkono, akavuta kwa nguvu zake zote. Maji yakapita chini ya miguu ya Bibi, yakabeba beseni na mashuka.

Walikaa chini wakihema.

"Ujumbe ulikuja, Bibi," msichana alimwambia sikioni, kwa kwikwi. "Niliufuta. Huku hakukuwa na mvua."

Bibi aliyatazama maji ya tope yakipita kwa kasi.

"Mvua imenyesha milimani," alisema. "Sisi tunaletewa maji tu. Onyo likija, usibishane nalo kwa sababu ya jua. Mwambie mwenzako, mpande juu, maswali baadaye."

Msichana alimrudishia simu. Aliona hastahili kuishika tena. Bibi akaikataa, akamfumba vidole juu yake.

"Kaa nayo, mjukuu wangu. Mimi masikio mengine sina."