Mikono ya Kuazima

Kasoro ya kwanza ilikuja na sura ya jambo jema, na ndiyo maana Mama Pacha hakuishuku. Alitoka nyuma ya nyumba, kitana bado kimechomekwa kwenye nywele zake, akamkuta mumewe kibandani akivalisha ringi kwenye pistoni. Mikono imetulia tuli.

Asiyejua atasema, sasa hapo kuna nini? Lakini Baba Pacha alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka. Mikono iliyowahi kufumua injini za malori ilikuwa imefika mahali haiwezi hata kufunga kifungo cha shati. Mkewe ndiye aliyemvisha asubuhi na kumvua jioni, huku mume akitazama ukutani kwa aibu. Gereji walimuaga kwa maneno matamu, wakamwacha akae nyumbani. Na ringi ya pistoni si kifungo cha shati. Ukiipanua kupita kiasi kidogo tu, inakatika pa!

"Baba Pacha," alisema polepole, "umepona?"

"Nikishika hii injini tu," mumewe alinong'ona bila kugeuka, kama anaogopa kuamsha mtoto. "Nikiiachia, narudi kule kule."

Injini yenyewe ilikuwa ya gari kuukuu la porini, lililotelekezwa kwenye machimbo ya mawe hadi nyasi zikaota vitini. Wenye machimbo walimpa bure, wakamsaidia hata kulivuta mpaka nyumbani. Rahisi ni ghali, walisema wahenga. Cha bure je? Lakini nani hukumbuka wahenga akipewa gari?

Mama Pacha alifurahi, tuseme kweli. Yeye alikuwa msusi, wateja wake hawakauki sebuleni, na alizoea kuwatania kwamba nyumba hii ina mafundi wawili wa kazi moja, kufumua na kusuka upya. Sasa alimsikia mumewe akipiga mluzi. Alimwona akila akashiba. Mwanamume aliyekuwa amejifia ndani kwa ndani amerudi, na mke gani angelalamika?

Kisha ikaja harufu. Haikuwa ya oili wala dizeli, hizo alishazizoea tangu uchumba. Ilikuwa harufu ya vumbi la jiwe lililopasuliwa sasa hivi, na ilimfuata mumewe kutoka kibandani hadi mezani. Mikono yake nayo ikawa baridi. Asubuhi moja alijifunga vifungo vya shati mwenyewe, na Mama Pacha alikuwa karibu kupiga vigelegele alipoona vidole vikivifungua vyote, vikavifunga tena, vikavifungua tena, huku mwenye vidole akizungumza naye habari za mvua.

"Unafanya nini?"

"Nafanya nini?" Baba Pacha aliuliza, na alikuwa hajui kweli.

Usiku ule Mama Pacha aliamshwa na ubaridi shingoni. Mumewe alikuwa anakoroma, amelala fofofo, lakini mikono yake ilikuwa macho: vidole vilikuwa vimekaa chini ya taya la mkewe, vikipapasa mfupa kwa utaratibu, vikakigeuza kichwa kidogo kulia, vikasita, vikageuza kidogo tena, kama fundi anavyoisikiliza nati kujua imefika mwisho au bado, na yeye akalala pale bila kuvuta pumzi, kwa sababu alikuwa ameelewa kwamba mikono ile haikuwa na hasira naye hata kidogo, ilikuwa kazini, inatafuta mahali anapofungukia.

"Baba Pacha," alinong'ona. "Amka. Mikono yako."

Mumewe aliamka, akaona, akajirusha nyuma hadi ukutani. Alilia kama mtoto.

"Nilijua," alisema. "Nikilala inanipeleka kibandani. Asubuhi nakuta kazi imesogea."

"Na hukuniambia!"

"Ungesema niache. Mama Pacha, nimechoka kuvishwa."

Mganga aliyeitwa alikuwa pia muuza magodoro, mtu wa masihara mengi. Alifika mchana kweupe, akaulizia kwanza chakula, kisha akaweka sikio kwenye injini. Masihara yakamwisha.

"Humu mna jini, ana kila kitu ila mikono," alisema kwa sauti ya chini. "Anakuazima utulivu. Siku injini ikiwaka, anachukua mikono yenyewe. Imebaki nini?"

"Kuwasha tu," alisema Baba Pacha.

"Basi utetemeke hadi kaburini, au uishi na mikono isiyo yako. Chagua."

Baba Pacha aliitazama injini yake kwa muda mrefu. Ilikuwa safi, kila bolti mahali pake, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Kisha akaitazama shingo ya mkewe, yenye alama.

"Nitetemeke," alisema.

Mganga akamwambia aweke mikono juu ya injini, na mkewe aishike mikono hiyo kwa juu. "Mama, nikisema achia, achia papo hapo. Kinachotoka hutafuta pa kuingia."

Akachoma ubani, akaanza kusoma, na injini isiyo na tone la dizeli wala betri ikajigeuza mara moja, taratibu, ikajigeuza tena, pistoni zikipanda na kushuka ndani ya chuma kikavu, vumbi la jiwe likajaa kibandani hadi hawakuonana, na Baba Pacha akapiga yowe kwamba inamng'oa, inamng'oa vidole, na mganga akapaza sauti, "Achia!" na mumewe naye akalia, "Usiniache, mama!" na Mama Pacha, aliyeishika mikono ile tangu siku ya harusi, hakuachia. Si kwa muda mrefu. Kufumba na kufumbua tu, halafu akaachia.

Kukawa kimya. Mikono ya Baba Pacha ikaanza kutetemeka, na wote wawili wakacheka huku machozi yanawatoka. Injini ilirudishwa machimboni jioni ile ile, kwa gari la magodoro.

Kesho yake Mama Pacha alikuwa anamsuka binti wa jirani, macho yake yako dirishani. Baba Pacha alikuwa kwenye jiko la nje, amedondosha kijiko, anajicheka mwenyewe.

"Mama, leo una mkono mwepesi," binti alisema. "Hata sijaumia. Umemaliza?"

Mama Pacha aliangalia chini. Kichwa kizima kilikuwa kimesukwa, mistari imenyooka kama ya rula. Vidole vilikuwa vimemaliza nywele vikashuka kisogoni, vinapapasa mfupa.

"Inuka uende, mwanangu," alinong'ona. "Haraka."

Akaketi na kuikalia mikono yake. Aliwaza kumwita mganga tena, lakini Baba Pacha angesikia, na alimjua mumewe: angekwenda machimboni kwa miguu kumdai jini arudi kwake. Akaapa hatamwambia.

Mlango ukasukumwa. Baba Pacha aliingia na kikombe cha chai, nusu imeshamwagika kwenye kisahani, uso umejaa furaha.

"Nimepika mwenyewe! Pokea, mke wangu, kabla sijaimaliza sakafuni."

Chini ya mapaja yake vidole vilikuwa vinasokota, vinatafuta njia ya kutoka.

"Ninyweshe," alisema.

"Heh! Uzee umekuja na kudeka!" Mumewe alicheka, akamsogezea kikombe mdomoni kwa mikono inayotetemeka. Chai ilimchuruzika kidevuni na kwenye gauni, naye akainywa yote, amefumba macho, ameikandamiza mikono yake kwa uzito wote wa mwili.