Kilio Kiganjani

Lilianza kama jasho. Fundi cherehani akigusa kitambaa, kinaloa, na kikikauka kinabaki na chumvi nyeupe. Mteja mmoja alimrudishia gauni. "Fundi, unazililia nguo zangu?" Fundi akacheka, lakini akakificha kiganja chake nyuma.

Juma lililopita, mbele ya kibanda chake, mtaa ulimpiga mawe kijana aliyeitiwa mwizi mpaka akafa. Mama yake alipofika na kufungua kinywa alie, fundi alikiziba kwa kiganja. "Mwizi haliliwi hapa," alisema, na mtaa ukampongeza. Ndivyo walivyo watu hao. Mawe walirusha wote, kilio wakamwachia yeye.

Kisha kiganja kikatoa sauti, nyembamba, ya mwanamke. Fundi akakimbilia kwa mganga. Mganga alikitazama kwa mbali, hakukigusa.

"Jini huyu ni kilio ulichokiziba, hakutumwa na mtu. Wewe ulimzibia njia. Nenda kwa yule mama mchana kweupe, mwekee kiganja mdomoni, mwache alie mpaka amalize."

"Mbele ya watu? Watanionaje?"

"Basi kaa naye. Ila usimguse umpendaye."

Fundi alirudi nyumbani amefumba ngumi. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa sakafuni akichezea vipande vya vitambaa.

"Baba, mkono wako unalia," alinong'ona. Kisha akapiga yowe, na fundi, akisikia majirani wanasogea dirishani, akiona aibu inabisha hodi, akisahau kila alichoambiwa, akamrukia na kumziba mdomo, shii mama, shii, huku chumvi ikimchuruzika vidoleni na harufu ya damu na vumbi ikijaa chumba, mpaka yowe likakoma, na pumzi nayo ikakoma.

Msibani mtaa ulijaa. Fundi alifungua kinywa alie, koo likawa kavu kama majivu. Mama wa yule kijana aliingia mwisho, akaketi kando yake.

"Lia, fundi. Wako ana ruhusa ya kuliliwa."

Alijikamua, wapi. Ni kiganja tu kilichopaza sauti: "Mwanangu, mwanangu." Watu wakamshika mabega, wakamwambia jikaze.

Mama akakichukua kile kiganja, akakilaza shavuni mwake, machozi ya siku zote yakamtoka.

"Msimpe pole," alisema. "Anayeliliwa hapa ni wangu."

Yule binti alizikwa kimya.