Namba Nne Ubavuni mwa Tairi

Kila Jumamosi asubuhi, baridi ya Sumbawanga ikiwa bado imeshika vidole, Husna alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote: kuyapaka matairi dawa ya kung'arisha. Duka la mama yake, Bi Nadhira, liliuza matairi ya magari madogo, na Husna hakuacha hata moja na vumbi. Siku hiyo alivuta tairi lililosahauliwa kwenye kona ya stoo, akalisugua mpaka likawa jeusi tii. Akaliweka mbele kabisa, akajisifu kimoyomoyo.

Mzee Vitus, mkulima wa ulezi kutoka Mwazye, hakukawia kuliona.

"Shikamoo babu," Husna alimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nataka lile linalong'aa. Kesho namshusha mjukuu wangu Otilia kwa wakwe zake Kasanga, na sitaki bibi harusi alale njiani."

Bi Nadhira alicheka, akaagiza tairi lipelekwe kwa fundi Masalu, jirani yao, likafungwe. Husna akalibingirisha mwenyewe. Mlangoni likamponyoka, likalala ubavu juu, na hapo akaona namba nne: 3112. Juzi tu fundi Masalu alikuwa amemfundisha kuzisoma: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi hilo lilitengenezwa wiki ya thelathini na moja, mwaka 2012.

Alisimama akiwa amelishika. Akisema, mama ataaibika mbele ya mteja. Akinyamaza, Otilia atateremka milima ya Kasanga juu ya tairi hilo. Husna aliogopa kwelikweli, lakini aligeuka akarudi nalo.

"Mama, tairi hili ni la zamani. Mimi ndiye niliyelifanya lionekane jipya."

"La zamani vipi, na halijawahi kugusa barabara?"

Masalu aliitwa. Akaliminya, na nyufa nyembamba zikajitokeza chini ya dawa. "Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, Mama Husna. Likipata joto mteremkoni, linaweza kupasuka."

Mzee Vitus alitikisa kichwa. "Kumbe ni kama mbegu ya ulezi. Ikikaa ghalani miaka mingi, kwa macho ni nzima, shambani haioti."

Wakachagua lingine. Husna akasoma namba kwa sauti: lilikuwa la mwaka jana. Masalu akamwonyesha pia herufi ya kustahimili joto. A ndiyo bora, C ndiyo ya mwisho. Hili lilikuwa na A.

Jumamosi iliyofuata Mzee Vitus alirudi na majirani wawili. Otilia alifika salama, alisema, na alicheza mpaka kiatu kikakatika. Majirani hawakujali weusi wa matairi. Walivua kofia, wakainama kutafuta namba nne. Nje, kuku walikuwa wakinywa maji kwenye nusu ya lile tairi la zamani, nalo bado liling'aa.

Bi Nadhira alimpa Husna kopo la dawa na kipande cha chaki.

"Andika mwaka juu ya kila tairi kabla hujalipaka," alisema. "Mimi nilidhani lisilotembea ni jipya, nikakosea. Wewe uliogopa, lakini ukasema. Mwanangu, mteja akishindwa kusoma, sisi ndio macho yake. Kwanza tumwambie ukweli, kung'arisha kutafuata."