Oveni ya Maboksi na Mkate wa Shule

Majirani zangu, aliyeacha sufuria jikoni akapunguze moto kwanza, maana mimi nikianza kusimulia sipendi kukatizwa. Haya niliyaona kwa macho yangu, na sehemu moja niliiharibu kwa mikono yangu mwenyewe. Mtanicheka. Chekeni tu, ila sikilizeni.

Mnamjua Mama Mkate. Jiko lake na cherehani yangu vimetenganishwa na ukuta mmoja tu. Kila alfajiri nilikuwa namsikia akilipiga donge mezani, puu, puu, huku anaimba kwa ile sauti yake ya kukwaruza, kisha harufu inapenya dirishani mpaka nasahau kutunga uzi. Alikuwa na tenda ya kupeleka mkate shule ya msingi hapo juu, na tenda hiyo ndiyo iliyolisha nyumba nzima tangu kiwanda cha ndoo kilipofungwa na mumewe kurudi nyumbani mikono mitupu. Mumewe mimi namwita Shemeji. Mtu mkweli, hana makuu. Alikuwa anambebea mkewe magunia ya unga, anamkorogea hamira, wanataniana. Nyumba ilikuwa imetulia.

Ndipo ikaja kampuni.

Serikali ilikuwa imetenga fungu la kuwafundisha kazi watu wasio na ajira, na kampuni hii binafsi ndiyo iliyopewa jukumu. Ililipwa kwa kila kichwa kitakachomaliza na cheti. Wakakodi ukumbi, wakatundika bango: Uokaji wa Kisasa. Shemeji alikuwa wa kwanza kujiandikisha.

"Sasa Shemeji," nikamwuliza, "si nyumbani kwako kuna oveni na mwalimu?"

"Ya nyumbani haina cheti."

"Kwani mkate unapakwa cheti?"

"Ndiyo maana hujaendelea," akanijibu, akaenda zake na daftari kwapani. Nilitamani kumrushia mkasi.

Lakini hasira yangu haikudumu, maana kesho yake Mkurugenzi wa kampuni aliingia kibandani kwangu na tai yake, akaagiza kofia thelathini nyeupe, ndefu, za wapishi. Akaniita Mshirika wa Maendeleo. Mimi! Tangu nizaliwe sijawahi kuitwa hivyo. Nikashona kwa furaha, nikazipeleka mwenyewe.

Jamani, niliyoyaona huko! Oveni ilikuwa maboksi matupu yaliyogundishwa pamoja, vitufe vyake vizibo vya soda. Mwanafunzi anafungua mlango wa boksi, anaingiza kipande cha godoro, anahesabu mpaka mia, anakitoa kwa kitambaa asije akaungua. Mkufunzi anapiga makofi. Mkufunzi mwenyewe mwaka jana alikuwa anafundisha kufuga nyuki, na hakuwahi kuumwa hata na nyuki mmoja. Niliona yote hayo nikanyamaza, kwa sababu Mkurugenzi alishaniahidi tenda ya kushona maovaroli.

Wiki ya tatu Mama Mkate aliteleza jikoni akateguka kifundo cha mkono. Daktari akamfunga bendeji, akamwambia mwezi mzima asikande. Mama Mkate akamgeukia mumewe.

"Baba watoto, nikandie."

"Mke wangu, kukanda ni moduli ya sita. Sisi tuko ya tatu, Historia ya Ngano. Mkufunzi amesema mtu akigusa donge kabla ya kuidhinishwa anajijengea mazoea mabaya."

"Lakini mwezi uliopita ulikuwa unanikorogea hamira!"

"Nilikuwa sijaelimika."

Wallahi ndivyo alivyosema. Mke ananyanyua gunia kwa mkono mmoja, mume amesimama mlangoni anamsomea aina za ngano. Mama Mkate alilia siku ile, na si kwa maumivu ya mkono. Nikawa naacha nguo za watu naenda kumkandia mimi, ambaye hata chapati zangu mnazijua.

Siku moja tulichelewa, watoto wakaingia darasani na njaa. Mpishi wa shule akaja mwenyewe, mwanamke mmoja mnene asiye na utani. "Mama Mkate, nakuheshimu. Lakini mkate ukikosekana tena, tenda nampa mwingine. Siwezi kuwalisha watoto maelezo."

Sasa sikilizeni kosa langu. Alhamisi iliyofuata Mkaguzi wa serikali alikuwa anakuja ukumbini kuona mikate ya wahitimu, na jioni yake vyeti vitolewe. Mikate gani, na oveni ya maboksi? Asubuhi Mkurugenzi akasimamisha gari kwetu. Mama Mkate alikuwa amekwenda kubadilishiwa bendeji. Trei za shule zilikuwa tayari zimepangwa mlangoni, kila mkate na mikato yake mitatu ya kisu juu, ndiyo alama yake.

"Mshirika wa Maendeleo," akaniambia huku anatabasamu, "tuokoe. Na yale maovaroli tutayazungumza leo leo."

Nikajidanganya kwamba nitawahi kuoka mingine. Nikampa mkate wa watoto. Nikakanda mbio mbio, hamira nikaisahau, nikatoa matofali. Niliyagonga mezani, yakalia ko, ko, kama mawe. Zilibaki dakika arobaini kengele ya chakula ilie. Nikatoka mbio, unga hadi kwenye nyusi.

Ukumbini watu thelathini wamesimama na kofia zangu, mikate imetandazwa kwenye kitambaa cheupe. Mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani, alikuwa amefika mbele ya Shemeji. Nikapenya, nikamnong'oneza Shemeji sikioni: "Huo ni mkate wa shule. Nimeutoa mimi. Mkate usipofika shuleni sasa hivi, tenda ya mkeo imekwenda."

Shemeji akatazama ile mikato mitatu. Uso ukambadilika.

"Mkate huu umeuoka wewe?" Mkaguzi akamwuliza.

Mkurugenzi akawa anatikisa kichwa juu chini kama anamfundisha kuitikia. Cheti chenye jina la Shemeji kilikuwa pale mezani, muhuri bado mbichi. Nilimwona anakitazama. Miezi miwili ya daftari, jamani.

"Hapana, mama," akasema. "Umeokwa na mke wangu, kwa mkono mmoja, na mimi nipo. Mimi sijui kukanda. Nilikuwa nangoja moduli ya sita."

Akabeba trei mbili, akatoka. Wenzake wakatazamana. Mmoja akabeba trei, na mwingine, mwishowe wote wakatoka nje mbio na makofia marefu yakiyumba. Mkufunzi akapiga kelele, "Hatujafika moduli ya usambazaji!" Mkaguzi, akitaka kuwapisha, akaegemea oveni. Oveni ikabonyea yote, naye akakaa ndani yake na miwani yake. Nilipogeuka alikuwa ameshika kizibo cha soda, anakichunguza.

Tulifika shuleni kengele inalia. Mpishi alihesabu mikate, akahesabu na kofia, akasema, "Mbona leo mmekuja na jeshi?" Tenda ikabaki.

Nyumbani Mama Mkate alitusubiri mlangoni. Nilimweleza yote, sikuficha. Alininunia siku nne, na ilikuwa haki yake. Mumewe alivua kofia, akasema, "Nisamehe. Nifundishe." Kampuni ilinyang'anywa kazi mtaani kwetu. Nasikia wako mtaa mwingine, wanafundisha ufundi bomba. Wamenitumia ujumbe wa maovaroli, sikuwajibu.

Siku hizi alfajiri nasikia tena puu, puu. Anayepiga ni Shemeji, na juu ya kelele ile inakuja sauti ya mkewe ya kukwaruza: "Moduli ya kwanza, nawa mikono! Ya pili, funga mdomo, kanda!"

FUNZO

Ndugu zangu, kujifunza si aibu, na asiye na kazi anastahili kufundishwa vizuri. Lakini cheti ni karatasi tu kama mikono haijaigusa kazi yenyewe. Ukijiandikisha mafunzo, siku ya kwanza uliza: vifaa viko wapi, na huyu anayenifundisha, kazi hii ameifanya? Wenye kutoa fedha za umma wasihesabu kofia, wakaonje mkate. Wewe mume, msaada anaouhitaji mkeo leo usiungoje uidhinishwe. Na wewe unayeuona uongo ukanyamaza kwa sababu umepewa cheo cha mdomo na ahadi ya tenda, nakujua. Ni mimi huyo. Watoto nusura washinde njaa kwa sababu ya maovaroli ambayo mpaka leo sijayashona.