Sauti ya Katikati

"Hiyo usinunue, dada. Wiki ya kwanza itakuimbia, ya pili itakulilia."

Mpokea simu aligeuka. Ilikuwa Jumamosi mchana, soko la vyombo vya umeme vya mitumba limefurika, na kila kibanda kimefungulia wimbo wake kwa sauti ya juu kana kwamba kibanda cha jirani hakipo. Alikuwa ameinamia amplifaya yenye taa za bluu na nyekundu zilizokuwa zikikimbizana. Aliyemsemesha alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, shati limekunjwa hadi kwenye viwiko, bisibisi imechungulia mfukoni.

"Wewe ndiye muuzaji?"

"Hapana."

"Basi unanipeleleza?"

"Mimi fundi spika. Hawa wakishakuuzia, mimi ndiye utakayekuja kunililia."

"Fundi, unaniharibia biashara!" muuzaji alipayuka.

"Kizuri chajiuza, kaka. Hiki chako mpaka kimewashiwa taa."

Mpokea simu alicheka, na kicheko kikamshangaza mwenyewe, maana hakikuwa kimemtoka siku nyingi. Kazi yake ilikuwa kupokea malalamiko katika kampuni ya maji. Kutwa nzima huvaa hedifoni ya sikio moja, watu wakimfokea juu ya mabomba makavu ambayo hajawahi kuyaona. Zamani akirudi nyumbani alimkuta mdogo wake, msichana wa maneno mengi, wakipiga soga hadi usingizi uwachukue. Sasa mdogo wake ameolewa, ameondoka na soga zake zote. Nyumba imebaki kimya kiasi kwamba friji ikinguruma, dada mtu hufurahi. Ndiyo sababu alikuja sokoni kutafuta kitu cha kuijaza sebule.

Fundi alimpeleka vibanda vitatu mbele, kwenye spika mbili za mbao zilizojaa vumbi. Njiani, kila walipopishana na watu, alizunguka na kurudi upande wa kushoto wa mpokea simu. Tena alikuwa na tabia ya kuinamisha kichwa akisemeshwa, kama kuku anayetazama punje. Mpokea simu aliyachukulia yote hayo kuwa ni maringo, na maringo yenyewe yakampendeza.

"Bonyeza hapa taratibu, kwa vidole vyote. Umesikia mkwaruzo?"

"Sijasikia kitu."

"Basi ni nzima. Huu ukingo wa sponji umeoza, nitaubadilisha. Sasa tazama nyuma, imeandikwa omu nne, yaani ukinzani mdogo wa umeme. Hizi zina kiu ya umeme. Ukizipa amplifaya dhaifu, itachemka mpaka iungue. Hata ndoa huvunjika hivyohivyo, mmoja anavuta tu, mwenzake hana cha kutoa."

"Wewe umeoa?" Swali lilimponyoka, akajiuma ulimi.

"Bado natafuta amplifaya."

Wakacheka wote wawili. Walipata moja ya zamani, nzito, isiyo na taa hata moja, na Fundi akaikumbatia kifuani kama mtoto aliyepotea akapatikana. Akauliza chumba kina ukubwa gani, kina pazia au hakina, na wanaosikiliza ni wangapi.

"Mimi tu," mpokea simu alijibu, macho chini.

"Basi nitakuambia kitu. Zikipangwa vizuri, ukafumba macho, husikii spika tena. Unamsikia mwimbaji amesimama katikati, mbele yako, kama mgeni aliyekuja kukutembelea."

Tangu hapo alichokitaka mpokea simu ni huyo mgeni tu.

Spika zilikaa kwa Fundi zikitengenezwa, na simu zikaanza. Kwanza za kazi, kwamba gundi imekauka, kwamba kitambaa kipya kimepatikana. Kisha kazi ikaisha na simu zikaendelea.

"Haloo, huduma kwa wateja?"

"Ofisi imefungwa," mpokea simu alijibu, amejilaza kochini.

"Nina malalamiko."

"Taja jina la mtaa na aina ya tatizo."

"Tatizo ni kwamba nimepiga jana, nimepiga leo, kesho nitapiga, na bado sijatosheka."

"Tatizo lako ni sugu, bwana. Tutalipeleka kwa wakubwa."

"Mkubwa wangu ni wewe, Malkia wa Simu."

Yeye aliyekuwa akizichukia simu kuliko kitu chochote duniani sasa akawa anaoga na simu iko kwenye beseni la sabuni, asije akaikosa. Ofisini wenzake walimwona anapokea matusi ya wateja huku akitabasamu, wakaulizana kulikoni.

Jumapili ya kuletwa spika, mpokea simu alivaa gauni la kijani lenye mikono mifupi, akachana nywele, akazifumua, akazichana tena. Fundi alifika na shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka. Bibie alikuwa amenunua waya mwenyewe, mweupe nyuzi zote mbili, ili usionekane ukutani. Fundi aliugeuzageuza mkononi, akafungua kinywa kama anayetaka kusema neno. Wakati huohuo mpokea simu akapita mbele yake na glasi ya maji, na neno likaishia hapo. Akaunga waya, akazisogeza spika, akamwonyesha pa kuweka kiti.

Wimbo ukaanza. Mpokea simu alifumba macho, akamngoja mgeni wake.

"Hayupo," alisema.

"Nani?"

"Mwimbaji uliyeniahidi. Namsikia ukutani, namsikia dirishani, katikati hayupo. Na besi imekonda."

"Besi inapotea kwa sababu chumba kitupu. Tafuta zulia."

"Na sauti?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Iko sawa."

"Hebu kaa hapa nilipokaa mimi."

Akakaa. Uso wake ulikuwa umeanza kutoka jasho. "Iko sawa kabisa."

"Sikiliza vizuri, mpenzi."

"Bibie, kati yetu nani fundi?"

Hakucheka aliposema hivyo. Alimaliza maji yake kwa mkupuo mmoja, akakusanya vifaa, akaaga kuwa ana kazi ya mtu. Ilikuwa Jumapili, na chakula cha watu wawili kilikuwa jikoni bado kinafuka.

Ukiwa na hasira utafanya hata usiyoyajua. Mpokea simu alipiga magoti nyuma ya spika, akaufuata ule waya kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Upande wa kulia, uzi uliotoka kwenye tundu jekundu la amplifaya ulifika kwenye tundu jekundu la spika. Upande wa kushoto, uzi uliotoka kwenye tundu jekundu ulikuwa umechomekwa kwenye tundu jeusi. Akaugeuza. Akarudi kitini. Mwimbaji akaja kusimama katikati, karibu naye kiasi cha kusikia anavyovuta pumzi. Kosa lenyewe lilikuwa la mwanafunzi wa ufundi wa siku ya kwanza, na wala hakufurahi.

Kesho yake alimsimulia mwenzake wa meza ya jirani, na mwenzake huyo alikuwa hodari wa kuutia moto kuni.

"Shoga, hujui mafundi wewe? Anakuachia kasoro kidogo, ili umwite tena. Kwangu fundi wa jokofu alifanya hivyohivyo. Wewe ni mteja tu."

Hilo neno mteja lilimchoma. Jioni alipiga simu yeye.

"Uligeuza waya makusudi ili nikuite tena?"

"Nini?"

"Nimekuta waya wa kushoto umechomekwa kinyume. Nikakwambia kwa mdomo wangu sauti haipo, ukanikazia macho kuwa ipo. Kama ulitaka kurudi si ungesema? Mlango wangu ungefungwa?"

"Sikufanya makusudi."

"Basi hukusikia? Fundi mzima hukusikia kitu ambacho mimi wa mabomba nimekisikia?"

Alisikia pikipiki ikipita upande wa pili, akasikia mtu anapumua.

"Nisamehe," Fundi alisema. "Zaidi ya hapo sina."

Akakata. Mpokea simu alikaa na simu mkononi akingoja ilie, akiwa na yakini kuwa mtu mwenye hoja lazima apige tena. Haikulia. Yeye naye alikuwa na kiburi chake, cha watu wanaoishi peke yao, akajiapiza kuwa hapigi.

Wiki zikapita, na ndani ya wiki hizo upweke ulimla mpaka akakonda. Kila jioni mwimbaji alikuja akasimama katikati ya sebule, akaimba, akamaliza, akaondoka. Mdogo wake alipopiga simu alisikia muziki nyuma.

"Dada, una wageni?"

"Ninao."

"Haya, basi nisikusumbue."

Akakata simu, na dada mtu akabaki anatazama ukuta kwa sababu ya uongo wake mwenyewe.

Mvua zilipoanza alishikwa na mafua makali. Sikio la kushoto likaziba kabisa. Aliwasha muziki kwa mazoea, akafumba macho, na mwimbaji hakuja. Sauti zote zilirundikana upande mmoja. Akadhani waya umechomoka. Akaenda nyuma, akaukuta mzima. Akaugeuza kama ulivyokuwa siku ile ya Fundi, akarudi kukaa. Besi ilipungua kidogo, jambo ambalo mtu angeweza kulisingizia zulia. Kuhusu mwimbaji, hapakuwa na tofauti yoyote. Akageuza tena. Akarudi tena. Ilikuwa vilevile.

Ndipo akaikumbuka siku ya sokoni. Alimwona Fundi anazunguka umati ili awe kushoto kwake, yeye awe upande wa kulia wa Fundi. Akamwona anainamisha kichwa. Akaona jasho lililomtoka kitini. Alizima amplifaya, akatwaa mwavuli, hakungoja hata mafua yapoe.

Karakana ilikuwa nyuma ya soko, chumba kirefu chenye spika zilizopangwa hadi darini. Fundi alikuwa amempa mgongo, anapaka gundi kwenye ukingo. Mpokea simu akasimama kushoto kwake.

"Hodi, Fundi."

Brashi iliendelea kuzunguka. Akazunguka kwenda kulia, akarudia yaleyale, kwa sauti ileile. Fundi aliruka, gundi ikamwagikia suruali.

"Tangu lini?" mpokea simu aliuliza.

Fundi alimtazama, akajua kuwa amejulikana. Akaweka brashi chini.

"Tangu utotoni. Matumbwitumbwi. Mama alidhani nimekuwa mkaidi. Nilichapwa sana kwa kutoitika."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie fundi spika ana sikio moja? Soko likijua, nani ataniletea kazi?" Alifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja. "Mimi nafuata rangi za waya. Zisipokuwepo, nagusisha betri, natazama spika inasukuma au inavuta. Siku ile waya wako ulikuwa mweupe wote. Ningepima. Lakini ulikuwa umevaa lile gauni, nikawa natazama gauni."

"Na nilipokuambia hayupo katikati?"

"Nikaogopa. Hiyo katikati mimi sijawahi kuisikia. Nawauzia watu kitu nilichosimuliwa. Nikaona kama ukijua, utanionea huruma, na huruma yako sikuitaka."

"Ukaona afadhali nikuone tapeli! Nimelia, unajua? Nimelia kama mjinga, mbele ya spika zako."

"Zako."

"Usinichekeshe, nina hasira." Akapiga chafya, akapiga ya pili, na Fundi akamvutia kigoda.

Jumapili Fundi alikuja tena, na shati lilelile. Mpokea simu alikuwa amepona, masikio yote mawili yanasikia. Aliwasha wimbo, wakakaa.

"Yuko wapi?" Fundi aliuliza.

Mpokea simu akanyoosha mkono, akamwonyesha pale hewani, mbele ya ukuta mtupu. Fundi alipatazama kwa adabu, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni.

"Anaimba vizuri?"

"Vizuri mno."

Moyo ulimuuma aliposema hivyo. Wangeweza kukaa pamoja mpaka wazeeke, na kitu hiki kimoja angekisikia peke yake. Aliuvumilia wimbo hadi ubeti wa pili, kisha akainuka akazima.

"Mbona umezima? Mimi nafurahi tu ukisikiliza wewe."

"Kutwa nzima nasikiliza watu. Jioni namsikiliza huyu. Hakuna hata mmoja anayeniuliza nimeshindaje."

Fundi aliinuka. Akanyanyua kiti chake, akakiweka karibu, akamgeuzia lile sikio lake zima.

"Umeshindaje, laazizi?"

Alifungua kinywa aseme salama, kama anavyowaambia watu siku zote. Machozi yakamtangulia.

"Vibaya," alisema. "Tangu mdogo wangu aondoke, nashinda vibaya."

"Nieleze."

Akamweleza.